Mgongo wa Mtu Una Mwenyewe

Wadogo zangu, wiki hii mmeniletea kesi ya baiskeli, na nimeipokea kwa mikono miwili, maana nilishachoka kusoma habari za waume za watu.

Mlalamikaji ni binti anayeendesha kutoka Mwenge kwenda Posta siku zote za kazi. Kuna kijana anayemvizia maeneo ya Makumbusho. Akishapitwa tu, anajibanza nyuma yake, tairi kwa tairi, mpaka Morocco. Hasalimii. Hapiti. Binti akipunguza mwendo, naye anapunguza. Akikaza, naye anakaza. Anauliza: huyu ananitaka au ananitumia? Halafu kwenye furushi hilohilo la barua yumo kijana (sisemi ni yeye, ila mji huu ni mdogo) anayetaka kujua kuna ubaya gani kujikinga upepo nyuma ya mtu usiyemjua. Hoja yake ni kwamba hachukui kitu cha mtu, hewa ni ya Mungu.

Wewe wa hewa ya Mungu, sogea karibu, tuanze na wewe.

Kwa upande wa nguvu, una haki. Anayetangulia ndiye anayekula upepo; wewe uliye nyuma unapita pale ambapo hewa imeshapasuliwa. Na yeye hapotezi kitu. Wahandisi waliopima mambo haya wamekuta hata aliye mbele anasaidika kidogo, asilimia chache tu, pale mwenzake anapomkaribia sana, kwa sababu ule mvuto wa hewa unaomrudisha nyuma unapungua. Kwa hiyo anayekwambia unamnyonya jasho lake anakuonea.

Lakini tuulize pia wewe unapata nini. Waendesha mbio wanaokwenda kilomita 40 kwa saa hupunguziwa kazi kama theluthi moja wakikaa nyuma ya mwenzao. Upepo una hesabu yake: ukiongeza mwendo mara 2, hewa inakukaba mara 4, na nguvu ya kuishinda inapanda mara 8. Ndiyo maana wenye mwendo mkali hugombania mgongo wa kujificha. Wewe na Phoenix yako yenye keria na madigadi, umekaa wima kama bwana harusi, huendi 40. Unakwenda 15, labda 18 siku umechelewa. Kwa mwendo huo, sehemu kubwa ya jasho lako inaliwa na tairi lisilo na upepo wa kutosha, mnyororo mkavu na breki inayokwaruza rimu. Pita kwa fundi ujaze upepo, utie oili, unyooshe hiyo rimu. Faida yake utaiona kila siku, na hutakuwa umemganda mtoto wa watu.

Kuna siku moja tu hesabu inageuka, nayo ni siku ya upepo wa mbele. Ukienda 15 huku kusi linakuja 15 usoni kwako, kifua kinapigwa na hewa ya 30. Siku hiyo mgongo wa mtu una thamani, sitakudanganya, na mimi mwenyewe nautafuta.

Sasa kama wa mbele hapotezi nguvu, analalamikia nini?

Unamnyang'anya uhuru wa kufunga breki. Mnaijua barabara yetu. Daladala linachomoka kituoni bila indiketa. Konda anaruka chini kabla gari halijasimama. Chemba mfuniko wake umeshauzwa chuma chakavu. Mama kabeba beseni la ndizi kichwani anavuka akiangalia upande mmoja. Mwendesha baiskeli anavuka vikwazo vyote hivyo kwa sababu anajua akitaka kusimama, anasimama. Wewe umekaa nusu mita nyuma yake. Kwa kilomita 18 kwa saa unakula mita 5 kila sekunde. Mpaka jicho lako lione, akili ielewe na vidole vibane breki, umeshafika mgongoni kwake.

Na ukigusa, wa kwanza kuanguka mara nyingi ni wewe. Tairi lake la nyuma linaendelea na safari yake. La kwako la mbele, ambalo ndilo usukani wenyewe, likishasuguliwa ubavuni linakataa kurudi katikati, na mwili unakwenda upande. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, ukiegemea kulia unaangukia kwenye magari. Yeye anaweza kubaki na mtikisiko tu. Anaweza pia kusukumwa akamvaa yule mama wa ndizi. Kama anajua upo nyuma, kila kikwazo kinampa hesabu ya pili: nikifunga breki kwa ajili ya aliye mbele, aliye nyuma atanivunja kiuno? Kama hajui, hata hesabu hiyo hapewi. Umempandishia abiria bila kumwambia.

Halafu huhitaji kukaa karibu hivyo. Kinga ya upepo haikatiki kama swichi. Mita 2 nyuma bado unapata sehemu nzuri ya faida, na macho yako yanapata kazi nyingine zaidi ya kusoma stika kwenye madigadi yake.

Najua mliyaona ya Kigali. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, hapo Rwanda, na tangu wakati huo nawaona vijana wa alfajiri barabarani wamekunjika juu ya usukani, tairi na tairi haziachani hata shubiri. Sawa. Hata Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua 3 za Tour de France mwaka 2024 na kurudi na jezi ya kijani, ni mtu wa kasi ya mwishoni, na watu wa kasi ya mwishoni huishi nyuma ya migongo mpaka mita mia chache za mwisho. Lakini angalieni ni migongo ya nani. Wengine ni wachezaji wenzake, wanalipwa kwa kazi hiyo na wameipanga mezani asubuhi. Wengine ni wapinzani, lakini wote wamevaa namba, wote wanajua mchezo, na barabara imefungwa magari. Hata humo, mtu anayejificha nyuma siku nzima bila kupokezana husemwa vibaya na kundi zima. Mtu unayemkuta Makumbusho hajasaini mashindano yoyote. Anakwenda kazini.

Basi ufanyeje? Uombe. Jambo dogo kiasi hicho. Kaa pembeni yake kidogo, pale anapoweza kukuona, mahali ambapo hakuna gari nyuma. Taa nyekundu ndipo pazuri kuliko pote, kwa sababu wote mmesimama. "Habari za asubuhi kaka. Upepo mkali leo. Naomba nikae nyuma yako mpaka Morocco, halafu nikupokee." Kama ni mtu mzima, anza na shikamoo, usimrukie mzee wa watu na habari za upepo kabla hajaitikia marahaba. Angalia nimetaja mwisho wa safari, Morocco, na nimetaja kupokezana. Ombi lisilo na mwisho linamtia mtu wasiwasi kama mgeni aliyekuja na sanduku kubwa.

Akikataa, amekataa. "Samahani, napenda kwenda peke yangu" ni jibu kamili, halidai maelezo. Mpite au baki nyuma kabisa, mbali, uendeshe safari yako. Na wewe unayeombwa, usione haya kukataa. Wengi wenu mnakubali kwa aibu halafu mnakwenda mmekunja uso kilomita 3 nzima. Sema hapana, kwa tabasamu, mambo yaishe.

Akikubali kwa ishara tu ya kichwa, hesabu kwamba amekubali kwa leo. Kesho unaomba tena, mpaka mzoeane.

Sasa nije kwa mdogo wangu wa Mwenge, na hapa kaka zangu naomba msininunie.

Mwanamke aliye barabarani akisikia mnyororo wa mtu asiyeachana naye mgongoni, wazo la kwanza linalomjia halihusu upepo. Anafikiria mkoba ulio kwenye keria. Anafikiria ile kona yenye miti. Anaanza kujiuliza kama huyu anajua anapofanya kazi. Wewe nyuma unawaza kuokoa nguvu kidogo kabla ya daraja. Yeye mbele anapanga atapiga kelele wapi. Huna nia mbaya, nakubali, lakini nia yako imekaa kichwani mwako na yeye hana macho kisogoni. Kwa hiyo sheria ya dada yenu ni hii: usijibanze kimyakimya nyuma ya mwanamke usiyemjua. Mchana muombe kama nilivyosema, ukiwa umeonekana. Giza likishaingia, usiwaze hata kuomba. Piga kengele, sema "napita kulia, dada", pita kwa nafasi, uende mbele kabisa usimgeukie. Kama huna pumzi za kumpita, punguza umpe mita nyingi.

Na kuna lile jingine la kiume ambalo siwezi kuliacha. Mwanamke anampita mwanaume kwa mwendo wake wa kawaida. Mwanaume, aliyekuwa anajiendea taratibu anasikiliza ndege, ghafla anakumbuka yeye ni nani. Anakanyaga pedeli kwa hasira, anampita, anamkaa mbele, halafu pumzi inamwishia palepale na kumlazimisha dada wa watu afunge breki. Kupita halafu kulegea ni utovu wa adabu uleule wa kudandia, umegeuzwa tu. Ukipitwa, umepitwa. Kazini mtafika wote.

Mdogo wangu, kuhusu huyo kijana wako. Kesho akijibanza, usimkimbie. Kukimbia kunakuchosha wewe na kunampa yeye mchezo. Chagua mahali penye watu, pale kituoni penye wauza magazeti au kituo cha mafuta, onyesha mkono kwamba unapunguza, sogea kushoto, mwambie kwa sauti ya kusikika: "Pita kaka." Mara nyingi inatosha. Asipopita, simama kabisa, shuka, mtazame usoni, mwambie: "Sipendi mtu kuendesha nyuma yangu." Siyo lazima uwe na ukali, uwe na sauti. Akiwa ni mtu wa upepo tu, ataona haya na kuomba radhi, na pengine mtakuja kuwa marafiki wa barabara. Akiendelea siku ya pili baada ya kuambiwa, huyo hatafuti upepo tena. Badilisha saa au njia, waambie wenzako kazini, na usimwongoze mpaka mlangoni kwenu wala mlangoni kwa ofisi yako.

Kwa wale mliokubaliana, mambo yanakuwa matamu, lakini yana kazi yake. Wa mbele sasa ana macho ya watu wawili. Anatamka: "Shimo!" "Rasta!" "Mchanga!" "Nasimama!" Ananyoosha kidole kwenye shimo kabla hajalikwepa, maana akilikwepa kimya, wewe nyuma unaliona likiwa tayari chini ya tairi lako. Hachomoki kwa nguvu taa zikiwaka kijani. Wa nyuma naye anatoa hedifoni masikioni, anaweka vidole kwenye breki muda wote, na anatazama juu ya bega la mwenzake, kule mbele barabarani, badala ya kulikodolea tairi. Asiliingize tairi lake la mbele ubavuni mwa tairi la nyuma la mwenzake. Wa mbele akiyumba shubiri moja tu, mmekwisha.

Taa je? Hili watu hawalifikirii. Ukikaa nyuma ya mtu usiku na taa yako kali, mwanga unampiga mgongoni na kivuli chake kinatandikwa barabarani mbele yake, hasa pale anapotaka kuona shimo. Yeye anaendesha ndani ya giza ulilomtengenezea. Inamisha taa iangalie chini, au bora zaidi, usiku achana na habari za migongo kabisa.

Kutema mate na kupenga kamasi: wa mbele ageuze shingo aangalie kwanza. Msicheke, nimeletewa barua. Siku za mvua nazo, ukiamua kukaa nyuma ya baiskeli isiyo na madigadi ukalishwa maji ya tope, usije kwangu kulalamika. Hakuna aliyekupanga foleni.

Kupokezana kwenu kusifanane na kwa Kigali. Wale hujitoa pembeni wakiwa kwenye mwendo, wa nyuma akapita. Kwetu mwenye kujitoa kwenda kulia anajitoa mbele ya bajaji. Pokezaneni kwenye taa, au pale barabara inapokuwa tupu na wa nyuma ameshageuka kuangalia mara mbili. Na kama mwenzako ana pumzi chache, zamu yake iwe fupi. Kupokezana siyo kugawana kwa rula.

Nina neno kwa wanaopita Daraja la Tanzanite, maana tangu lifunguliwe mwaka 2022 limekuwa na wapenzi wake. Siku kusi limeshika, ukielekea mjini upepo unatoka baharini, yaani kushoto kwako na mbele kidogo. Upepo wa namna hiyo haukingwi na mgongo uliokaa wima mbele yako. Kivuli chake kinaangukia nyuma na kulia. Waendesha mbio hujipanga mshazari kuufuata. Wewe ukiufuata, umejipeleka katikati ya njia ya magari, darajani, huku upepo unakusukuma hukohuko. Usithubutu. Hapo inama kidogo, punguza gia kama unazo, uende polepole. Kuchelewa dakika 3 hakujawahi kumfukuzisha mtu kazi. Au kama kwenu kunafukuzisha, ondoka nyumbani mapema.

Vyombo vikubwa sitavizungumza sana. Kujibanza nyuma ya daladala au kushika ubao wa lori kwenye mwinuko ni kutafuta kifo, na hakuna adabu ya kufundishana hapo. Lori likifunga breki halikuulizi. Acheni.

Ila kuna mgongo mmoja unaovutia sana nao unadanganya: wa muuza mkaa. Magunia yamesimama juu ya keria, mapana kama mlango, na nyuma yake kuna utulivu wa ajabu. Lakini tazama vizuri. Huoni chochote mbele. Kila akipita kwenye tuta vumbi jeusi linakushukia kwenye shati la ofisini. Na breki yake mara nyingi ni ndala: anashusha mguu, anaibana soli kwenye tairi, na hujui itashika baada ya hatua ngapi. Zaidi ya hayo, yule ameanza kukanyaga pedeli usiku huko pembezoni mwa mji na ana mzigo unaomzidi uzito. Kwenye mwinuko anahitaji barabara yote aliyo nayo ili ayumbe bila kuanguka. Mpe nafasi, msalimie, na kama amekwama kwenye kilima shuka umsukume kidogo. Huyo ndiye wa kusaidiwa mgongo.

Nimalizie na barua iliyonichekesha. Mfanyakazi mmoja anasema anayemkuta mbele yake kila asubuhi ni bosi wake, ana baiskeli nzuri ya gia, na upepo wa huyo bwana ni mtamu. Je, amuombe, au akae nyuma kwa heshima akijifanya hakumtambua?

Mdogo wangu, kujifanya hukumtambua mtu anayesaini mshahara wako ni mzaha. Msalimie siku ya kwanza mkiwa mmesimama kwenye taa, umuombe kama ungemuomba mtu mwingine yeyote, na zamu yako ikifika nenda mbele ukaule upepo vizuri, usiseme "hapana bosi, tangulia tu" ukadhani ni heshima. Huko mbele tamka mashimo kwa sauti. Habari za kupandishwa cheo msiziongelee barabarani, maana naye anahitaji mikono miwili kwenye usukani. Na kama anakwenda mwendo usiouweza, mwache aende, usifike ofisini umelowa jasho ukiwa nyuma ya bosi wako. Watu wataanza kuuliza maswali ambayo kona hii haina nafasi ya kuyajibu.